Barua ya wazi kutoka Tabora: mmewazuia kugoma, basi walindieni mshahara

Kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira, Waziri wa Maji, Msajili wa Hazina, Bodi ya EWURA (mdhibiti wa huduma za nishati na maji), wenyeviti wa bodi za mamlaka za maji nchini, na wabunge wetu wa Mkoa wa Tabora.

Waheshimiwa,

Shikamooni kwa mlionizidi umri, ingawa siku hizi mmebaki wachache. Mimi ni mstaafu, naishi Isevya. Kazi iliyonilea na kunisomeshea watoto ilikuwa ukarani wa mishahara katika shirika la umma, tangu enzi za kujaza orodha kwa mkono na karatasi ya kaboni chini yake, hadi zilipokuja kompyuta na vijana wa kutufundisha kuziwasha. Sikuandikii kulia maisha magumu. Nakuja na safu na mistari, maana ndiyo lugha niliyoizoea.

Hoja yangu ni moja. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinataja huduma muhimu: maji na usafi wa mazingira, umeme, afya na maabara zake, zimamoto, uongozaji wa ndege, na usafiri unaohitajika ili hizo zitolewe. Walio ndani ya huduma hizo hawaruhusiwi kugoma, labda wawe na mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, unaosema ni huduma zipi zitaendelea wakati wa mgomo. Wakishindwa kuelewana na mwajiri, jambo linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na uamuzi unaotoka huko ndio mwisho wa mabishano. Sina ugomvi na sheria hiyo. Hospitali yetu ya Kitete hapa Tabora haiwezi kukaa bila maji eti kwa sababu watu wanavutana juu ya posho. Lakini ukimzuia mtu kugoma, umebeba wewe jukumu la kuhakikisha analipwa ipasavyo. Ulinzi huo leo unamfikia aliye kwenye orodha ya watumishi. Aliyeletwa na mzabuni, anayechimba mtaro uleule na kushika bomba lilelile, hayumo.

Hili lina historia, na sisi wa Tabora tunaikumbuka kuliko wengi kwa sababu ya reli. Hata kabla ya reli, wapagazi wa Unyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo hawakuinua mzigo kabla ya kupatana ujira na posho ya njiani. Mwaka 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda na treni kuja bara. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli waligoma siku 82. Serikali ya nchi iliyokuwa imetoka tu kupata uhuru ilitazama hayo ikaona haiwezi kuendesha nchi hivyo, nami naielewa. Mwaka 1962 ikatunga sheria ya migogoro ya kazi iliyoufanya mgomo kuwa mgumu mno kuitisha kihalali. Lakini mwaka huohuo ilikuwapo bodi ya kima cha chini chini ya uenyekiti wa Chesworth, na mshahara wa chini wa Dar es Salaam ukawekwa shilingi 150 kwa mwezi. Mwaka 1967 ikaja Mahakama ya Kudumu ya Kazi, na ikaja kamati ya mashirika ya umma ambayo sisi makarani tuliiita Skopo. Ndiyo iliyopanga viwango vya mashirika yote, kuanzia meneja hadi mfagizi. Skopo ilikuwa na kero zake. Fundi hodari na fundi mvivu walipanda ngazi pamoja, na kupandishwa cheo kulisubiri faili lirudi kutoka Dar es Salaam, likirudi. Ila ilikuwa na jambo moja ambalo sasa limepotea: kila aliyeshika koleo la shirika alikuwa na mstari wake kwenye orodha. Ukichukua mgomo, unatoa mstari.

Mnajua kilichotokea baadaye. Kazi zikaanza kutolewa nje: ulinzi, usafi, usomaji wa mita, ukataji na urejeshaji wa huduma, uchimbaji, ufyekaji chini ya nyaya. Sipingi zabuni, mashirika yetu yalikuwa yamejaza watu. Ninachouliza ni mstari wa yule kijana umekwenda wapi.

Twende kwenye Amri ya Mshahara, ile inayotolewa chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi. Amri ya 2013 ilikuwa na safu ya nishati, ya ujenzi, ya ulinzi binafsi, ya madini, ya kilimo na nyinginezo. Safu ya maji haikuwamo, na Amri ya 2022 iliyoanza kutumika Januari 2023 nayo haikuiweka. Sasa mtu anayechimbia bomba la maji kwa mzabuni ni wa sekta gani? Kwa viwango vya 2013, akihesabiwa wa ujenzi, hata mkandarasi wa madaraja ya chini kabisa alitakiwa amlipe 250,000. Akihesabiwa wa “sekta nyingine zisizotajwa”, ni 100,000. Tofauti ni mara mbili na nusu, na anayeamua ni mzabuni mwenyewe anapojaza fomu zake. Kwa nini achague kikubwa?

Amri ya 2022 iliipandisha hiyo “sekta nyingine” hadi 150,000. Oktoba 2025 Serikali ikatangaza kima cha chini cha sekta binafsi kupanda kwa asilimia 33.4 kuanzia tarehe 1 Januari 2026, na nilifurahi kama mlivyofurahi. Lakini chukueni ile 150,000, ipandisheni kwa asilimia hizohizo, mnapata 200,100. Upande wa pili wa mtaro yupo mtumishi wa umma, ambaye kima chake cha chini kilitoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Bomba ni moja, tope ni moja, na ikitokea hitilafu usiku wanaamshwa wote wawili. Simwonei wivu mtumishi. Laki tano si fedha za kutajirikia. Nasema tu kwamba kazi moja haiwezi kuwa na sakafu mbili zinazotofautiana kiasi hicho, halafu wa chini naye aambiwe asigome kwa sababu yuko kwenye huduma muhimu.

Na usiku huo tuuhesabu. Sheria inasema kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Mshahara wa 150,000, ule wa Amri ya 2022, ukiugawa kwa wiki 4.333 za mwezi, kisha kwa saa 45 za wiki, unakuta saa moja ni kama shilingi 769. Asilimia 5 yake ni shilingi 38. Mtu akikesha saa tisa kwenye shimo, na maji yanamfika kiunoni mwezi wa Julai baridi ya Tabora mnayoijua, nyongeza yake ya usiku wote haifiki shilingi 350. Hapo ni kama amelipwa kwa mujibu wa sheria. Akizidisha saa za kawaida anastahili mara moja na nusu, akiitwa siku yake ya mapumziko anastahili mara mbili. Hayo yapo kwenye sheria na ni mazuri. Sijayaona kwenye karatasi ya mzabuni yeyote.

Karatasi moja niliiona kwa macho yangu. Kijana wa mtaa wetu aliondoka kufuata kazi ya mabomba mkoa mwingine, akarudi nayo kwangu ili nimsomee, kwa kuwa huku mtaani bado naitwa “karani”. Mzabuni simtaji, wala aliyempa mzabuni kazi. Ilikuwa karatasi ya daftari la mistari iliyopigwa rula kwa peni: jina, mita, kiwango, makato, saini. Hapakuwa na siku, wala saa, wala jina la mwajiri. Kwenye safu ya makato paliandikwa “buti”, na mstari wa chini yake “buti” tena, maana yale ya kwanza yalipasuka. Chini kabisa palikuwa na “kutuma”, yaani gharama ya kumtumia fedha zake kwa simu amebebeshwa yeye. Nimeandaa malipo ya maelfu ya watu, sijawahi kumkata mtu ada ya kupokea mshahara wake.

Sheria inataka malipo yaambatane na maelezo ya maandishi. Inataka makato yawe yale yanayoruhusiwa, na makato ya kufidia hasara au uharibifu yasizidi robo ya malipo, tena baada ya mtu kusikilizwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Yote yapo. Kijana aliniuliza aende wapi. Nikamwambia Tume. Akaniuliza atamshitaki nani, kwa jina lipi. Nikaitazama ile karatasi tena.

Sasa naomba mnisikilize kwenye ile safu ya “mita”, kwa sababu hapa hatuzungumzii huruma tena, tunazungumzia maji yenu. Anayelipwa kwa mita anachimba mita. Mita ya mtaro ni mita, uwe wa kina cha goti au wa kiuno. Kwenye ardhi ya kichanga ya hapa kwetu atafika kiuno bila shida. Akikuta mwamba, na Tabora miamba haina adabu, inatokea popote, atapandisha bomba juu ya mwamba, atalifunika na kuendelea, kwa sababu saa anazopoteza kuvunja jiwe hakuna safu inayozilipa. Mchanga laini wa kulalia bomba hauwekwi, na udongo unarudishwa na mawe yake bila kushindiliwa. Kinachofuata mnakijua: lori la tumbaku linapita, bomba linapasuka, mtaa mzima unakaa siku mbili na ndoo. Kiwango mnachokisema kila mwaka cha maji yanayopotea ni kisichozidi asilimia 20. Nendeni mkapime kina cha mabomba yanayopasuka mara kwa mara, kisha mtazame aliyeyachimbia alilipwaje.

Usomaji wa mita za maji za majumbani, kwa malipo ya kila mita iliyosomwa, nao una ugonjwa wake. Geti likifungwa au mbwa akiwa mkali, mtu anakadiria, na bibi mmoja wa mtaa wa Ng'ambo hapa mjini analetewa ankara ya maji ambayo hata kuyaoga asingeyamaliza. Wa kulipwa kwa kila laini anayoikata ndiye ananitisha zaidi. Mtu ambaye mkate wake unatokana na kukata hana sababu ya kugonga hodi na kusema “mama, kesho ndiyo mwisho”. Atafika na spana mkononi. Baadaye tunawalaumu vijana kwamba hawana utu, na mfumo tumeutengeneza sisi wenye viyoyozi. (Mimi sikuwa nacho, nilikuwa na feni iliyozunguka ikipenda.)

Sipingi malipo ya kazi kwa kipimo. Yana faida, na baadhi ya vijana wenye nguvu wanayapenda kuliko mshahara. Ninachotaka ni sakafu chini yake: kwa siku alizofika kazini, mtu asipate chini ya kima cha siku hata kama jiwe limemshinda, na mita isilipwe mpaka msimamizi ameshusha fimbo ya kupimia kina kabla ya kufukia. Hilo la pili halihitaji Bunge. Linahitaji fimbo.

Najua jibu la EWURA, nimelisikia kwenye mikutano ya taftishi, ile ya wazi ya kujadili maombi ya bei: gharama zikipanda, bei ya maji itapanda, na atakayeumia ni mwananchi. Nimehudhuria mikutano hiyo. Tunauliza bei ya uniti, tunauliza kwa nini maji yana rangi, tunamaliza na malalamiko ya mitaa iliyorukwa. Hakuna anayeuliza waliochimba wanalipwa nini, nami nilikuwa mmoja wa wasiouliza. Maombi ya bei yanakuja na hesabu za mishahara ya watumishi, na mamlaka zinapimwa kwa idadi ya watumishi kwa kila maunganisho 1,000. Kipimo kizuri, kinazuia kujazana. Lakini tuambieni hadharani: waliokuja kwa mzabuni wamo kwenye hesabu hiyo au hawamo? Kama hawamo, mmeziambia mamlaka kwamba njia rahisi ya kupata alama ni kuwahamisha watu kutoka kwenye orodha kwenda kwenye fungu la “huduma nyinginezo”, ambako hakuna anayewahesabu wala kuuliza wanakula nini. Mwananchi anayelindwa dhidi ya bei ndiye huyohuyo baba yake kijana wa mtaroni. Huwezi kumwokoa sebuleni ukamkamua jikoni.

Dawa ipo, na si ya kubuni. Mwaka 1949 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 94, unaohusu vifungu vya kazi katika mikataba ya umma. Nchi yetu iliuridhia mwaka 1962, mwaka uleule wa bodi ya Chesworth. Mkataba unasema kazi inayolipwa kwa fedha za umma iwe na kifungu kinachomhakikishia mfanyakazi ujira usiopungua ule unaolipwa kwa kazi ya aina hiyo katika eneo hilo, kwa makubaliano ya pamoja, kwa uamuzi au kwa sheria. Unawagusa hata wakandarasi wadogo waliopewa kipande cha kazi. Unataka viwango vibandikwe mahali pa kazi ambapo wafanyakazi wanaviona. Na unataka, mkandarasi akikaidi, malipo yake yazuiwe ili wafanyakazi wapate haki yao kutoka humo. Soma tena hiyo ya mwisho, Mheshimiwa Waziri wa Maji. Mara ngapi vijana wameambiwa “hatujalipwa, hati ya malipo iko wizarani”, na hati ikilipwa mzabuni ameshahamia mkoa mwingine? Fedha mnazo nyie kabla hajazipata yeye. Hamna haja ya kumkimbiza mtu, zuieni hati.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 imetuhamishia zabuni kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST. Basi wekeni kwenye mfumo huo sharti la kima cha ujira kwa kila aina ya kazi, mzabuni alijaze kabla bei yake haijafunguliwa, na aliyeshinda kwa bei isiyoweza kulipa kima hicho aondolewe. Nimeona zabuni za usafi na ulinzi ambazo ukigawa bei kwa idadi ya watu walioahidiwa, mtoto wa darasa la sita angekwambia haiwezekani. Kamati nzima ilisaini.

Waziri wa Kazi, nakuomba safu ya maji. Amri ijayo iandike “huduma za maji na usafi wa mazingira” kwa jina lake, na ieleze kwamba anayefanya kazi hizo kwa mzabuni anahesabiwa humo, si kwenye “nyinginezo”. Na bodi inayohusika ije ikae huku bara walau siku moja isikilize.

Kuhusu watumishi wenyewe nitasema kidogo, wana vyama na wana TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Miaka ya baada ya 2016 nyongeza na kupandishwa vyeo vilisimama kupisha uhakiki wa vyeti na watumishi hewa. Wapo waliostaafu katikati ya kusimama huko na mafao yao yakakokotolewa kwa mshahara uliosimama. Mamlaka ya maji inayojitegemea kwa makusanyo yake nayo haiwezi kumwongezea fundi wake hata senti bila kibali cha juu, wakati fundi huyo anatafutwa na wachimbaji visima binafsi kila siku. Msajili wa Hazina atazame kama mamlaka zenye hesabu safi zinaweza kuachiwa nafasi ya kujadiliana na chama chao ndani ya dari aliloweka yeye. Nasema dari kwa sababu najua wakurugenzi wetu nao. Mkiwaachia bila dari, atakayeanza kujiongezea si fundi.

Mkutano wa taftishi ukiitishwa tena hapa Tabora nitakuja, Mungu akinijalia uzima. Nitakuwa na swali moja la maandishi: orodha ya kazi zote za mamlaka zinazofanywa na wazabuni, idadi ya watu katika kila kazi, na kiwango cha chini anacholipwa kila mmoja kwa siku. Karatasi moja inatosha. Nimeiambatanisha tupu, safu nimeshazipiga rula, mjaze tu. Anayeona majina ya wazabuni ni siri ayaache; namba haziumizi mtu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Karani mstaafu wa mishahara,
Isevya, Tabora.